Kaimu

Hesabu nilijifunza ukutani,
Langoni, nyuma ya mlango wa jikoni,
ambako mama aliandika madeni kwa kipande cha makaa.
Hakujua alifu wala a,
lakini kila mdaiwa alikuwa na alama yake:
kwato kwa Bwana Shee mwenye punda,
ngazi kwa fundi wa dari,
miwani kwa mwalimu Athmani
aliyekula mikate ya mofa mwezi mzima
akalipa kwa salamu.
Mkate mmoja, mstari mmoja.
Mtu akilipa, mama hulowesha kidole, akaufuta.

Mwaka nyumba ilipopakwa chokaa
nilikuwa na miaka minane.
Akanipa daftari na kalamu ya risasi:
"Hamisha kila mtu. Usimuonee, usimsamehe."
Ile ndiyo ajira yangu ya kwanza.

Ya pili, uhasibu, kiwanda cha barafu.
Mwaka wa saba nikaanza kupanda paani usiku,
watoto wakishalala,
kwenye ile kona moja yenye mtandao
baina ya tangi la maji na kamba ya nguo,
nikisomea uzamili wa usimamizi wa biashara
na wenzangu niliowajua kwa sauti tu.
Mkajuma wa Malindi akinyonyesha, kamera ameizima.
Dama akisomea ndani ya gari, nje ya benki yake,
kwa kuwa nyumbani kila akifungua kitabu
kuna mtu hukumbuka chai.
Mhadhiri akisema mtiririko wa fedha,
mimi naona kidole kilicholowa.
Akisema hatari ya mikopo,
namwona mwalimu Athmani, anapita, anasalimu.

Jirani akauliza dirishani:
"Vyeti vingapi tena, Barke, nawe unacho cha ndoa?"
Mama akanitangulia kujibu:
"Cha ndoa hakiongezewi mshahara."

Meneja alipostaafu, nikaomba.
Waungwana watatu, meza moja, birika la kahawa.
Wa kwanza aliuliza umri wa wanangu.
Wa pili aliuliza mume wangu asemaje.
Wa tatu alikuwa akitafuta sukari.
Nikafungua faili.
"Mtambo wa pili unavuja tangu Rajabu.
Kila siku tunamwaga barafu ya shilingi elfu kumi na moja.
Mume wangu hasemi kitu. Hajui mtambo uko wapi."
Sukari ikapatikana. Hakuna aliyeitia.

Wakanipa ofisi, funguo, mihuri, lawama zote,
na neno moja dogo mbele ya cheo:
Kaimu.
Kwa muda tu, walisema. Tutazame.
Mtambo ukaacha kuvuja. Wakatazama.
Deni la umeme la miaka miwili likaisha. Wakatazama.
Nikahitimu, nikapigwa picha,
ile kofia bapa ikigombana na mtandio wangu,
nao wakatuma keki.
Iliandikwa kwa sukari ya waridi: Hongera Kaimu.
Mshahara ulibaki wa mhasibu.

Sikupiga kelele.
Nyuma ya mlango wa ofisi
nilichora kiti, kidogo, kwa makaa,
na kila mwisho wa mwezi, mstari chini yake.

Juzi mama alikuja na mofa ndani ya kawa,
miguu imemvimba kwa ngazi.
Akaketi, akasifu feni,
akaona kibaridi cha kiwanda kinamuuma magoti,
akainuka kuufunga mlango.
Akanyamaza.
Akahesabu kwa midomo, kama zamani, hadi kumi na minne.
"Huyu wa kiti ni nani?
Mbona halipi?"

Nikamwambia ni watatu, si mmoja,
na kwamba wamo chumba cha pili, mkutanoni.
Mama akalikaza buibui lake,
akalowesha kidole,
akaniuliza mlango ni upi.